Mtumbwi wa Mwanabaraka

Risala ya wakulima na vibarua wa bonde la Ndundu mbele ya Bwana Liwali, mfunguo tisa, mwaka 1324 wa Hijra

Mgeni wetu wa heshima, Bwana Liwali. Wazee wa baraza. Askari mliofuatana naye. Na jamaa zetu mliokuja kwa miguu kutoka Kibiti:

Assalamu alaykum.

Makaribisho

Karibu Ndundu. Kahawa uliyopewa tumeiazima Kibiti, hilo hatulifichi. Lakini mahindi ya kuchoma yaliyo mbele yako ni ya hapa hapa, na tunakuomba uyale kabla hujasikia shida zetu, ili ujue unazungumza na watu gani.

Sisi ni watu gani

Sisi ni watu wa mpunga, mahindi na kunde. Mto huu hupanda na kushuka, na wazee wetu walipanda na kushuka nao. Mpunga ukikaribia kutoa masuke tunahamia kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo ulivyoviona njiani, tunafukuza ndege na nguruwe huku maji yakipita chini ya sakafu. Mgeni akituona hutuonea huruma. Sisi tunalala usingizi mzuri tu.

Wengine wetu ni vibarua wa shamba la pamba. Wengine walishuka kutoka milima ya Umatumbi, wakaoa na kuolewa hapa. Katika hao walioolewa yumo Mwanabaraka binti Kondo, mjane, ambaye kesho utakaa barazani kumhukumu. Anashitakiwa kwamba alificha mtumbwi ili awavushe waasi. Kwa ajili yake tumeomba nafasi hii ya kusoma.

Mambo yaliyotupata

Mwaka jana, vita vilipowaka milimani, ilikuja amri kwamba mitumbwi yote ikusanywe, waasi wasipate cha kuvukia. Tulitii. Mitumbwi thelathini na mmoja ilifungwa kwa mnyororo mmoja kwenye mti pale kivukoni, na askari mmoja akawekwa kuilinda.

Wa Mwanabaraka haukufika. Ilikuwa kiangazi, na sisi hapa mtumbwi usio na kazi wakati wa kiangazi tunauzamisha kidimbwini na kuujaza mawe, usije ukapasuka kwa jua. Wake ulikuwa huko chini. Jumbe wetu, Mshamu, alimfuata nyumbani.

"Binti Kondo, mtumbwi wako unatakiwa kivukoni."

"Nimesikia, baba. Lakini nikiutoa leo na jua hili, utafika vipande viwili. Na aliyeuchonga ndiye huyo tuliyemzika."

"Sasa mimi nikaseme nini?"

"Kaseme mvua zikianza nitauleta."

Mvua zilianza, na hakuupeleka. Bwana Liwali, hatutakuambia kwamba alisahau. Hakutaka. Marehemu mumewe, Haruni, aliuchonga ule mtumbwi kwa miezi saba, na mwanamke huyu alimpenda Haruni mbele ya watu wote, bila haya. Jumbe alijua. Sisi sote tulijua, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kusema. Tunaomba karani wako aliandike hilo kama lilivyo.

Mfunguo tano, mwezi wa tano tangu Ramadhani kwisha, asubuhi moja tulisikia mbiu kutoka juu mtoni kwamba kijiji cha Ngorongo kimekwisha kufunikwa na maji. Tulidhani ni maji yetu ya kila mwaka. Adhuhuri yalikuwa yamepita alama ya babu zetu kwenye nguzo, na kufika alasiri yalikuwa yanaingia sakafuni. Mpunga wote ukalala, na masuke yake tayari. Mbuzi walikwenda, kuku walikwenda, shamba la pamba lilitoweka. Dungu la Mzee Tamimu lilikutwa Salale, karibu na bahari, limeegemea mikoko, chungu kikiwa bado ndani, na mpaka leo mzee analalamika kwamba maji yalimchukulia wali wake haujaiva.

Tunacheka kwa hilo kwa sababu mzee mwenyewe ni mzima. Kwa Huseni hatucheki. Huseni alikuwa kibarua wa pamba, na msimamizi alimrudisha ghalani kuokoa majembe. Majembe yalionekana maji yalipopungua. Huseni tulimpata siku ya nne, na tunamlilia hadi leo.

Kule kivukoni mnyororo haukukatika. Mti ndio uling'oka, na mitumbwi yetu thelathini na mmoja ikaondoka kwa pamoja kuelekea baharini, imefungana, huku sisi tukiitazama kutoka juu ya mapaa.

Mwanabaraka aliposikia ile mbiu ya asubuhi, alikwenda kidimbwini peke yake. Alitusimulia mwenyewe, siku tuliyompelekea chakula kifungoni, kwamba alisimama pale ukingoni muda mrefu. Alijua kwamba akiutoa mtumbwi, basi amejitoa na yeye. "Nikasema nirudi nyumbani," alituambia. "Nikamsikia mtoto wa jirani yangu Siti analia huko dunguni. Basi, nikajitosa." Alipiga mbizi, akatoa mawe moja moja, mengine makubwa kama kichwa cha ng'ombe, mpaka mtumbwi ukainuka.

Kwa siku mbili hakushusha upondo wa kusukumia mtumbwi. Alikwenda dungu kwa dungu, akichukua watu watano, pengine sita, kila safari, akiwapeleka kwenye kilima cha makaburi na kurudi. Mikono ilimchubuka, akaifunga kwa kitambaa alichokipasua kwenye kanga yake. Mwanaidi, ambaye walikuwa hawajasalimiana naye miaka mitatu kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, alimchukua katika safari ya pili, na walitukanana njia nzima mpaka kilimani.

Jioni ya siku ya kwanza alimkuta yule askari wa kivukoni juu ya mti, amekumbatia tawi, bunduki imekwisha kwenda na maji.

Askari akamwambia, "Wewe! Mtumbwi huu umetoka wapi?"

"Panda kwanza. Utaniuliza tukifika."

Akapanda. Na walipofika, aliuliza.

Hatumlaumu sana. Alikuwa na amri yake, na bunduki iliyopotea ilimtaka awe na jambo la kueleza kwa wakubwa. Alimwacha Mwanabaraka amalize kuvusha watu, kisha akamkamata. Lakini maneno ya kuvusha waasi si ya kweli. Kidimbwi kipo, mawe yapo, na yalikuwa na ukoga wa kijani wa miezi mingi. Mtumbwi uliojazwa mawe haukumvusha mtu yeyote.

Tunayojivunia

Maji yalipoanza kushuka tulikuwa hatuna mpunga, hatuna mitumbwi, na wanaume wengi walikuwa wamechukuliwa kwenda kutengeneza barabara. Hatukukaa kushika tama. Mbegu tulikuwa nazo, kwa sababu mwanamke wa bonde hili akikimbia maji hubeba mtoto mgongoni na kibuyu cha mbegu kichwani. Tope halijakauka, tukaingia. Wanawake walitoboa mashimo, watoto wakatumbukiza mbegu, na wazee kama Tamimu walikaa kando wakitukosoa.

Mipaka ya mashamba ilikuwa imefutika yote. Tuliikumbuka wenyewe, kwa midomo yetu, na hakuna aliyepelekwa shaurini. Leo mahindi, kunde na maboga vinaonekana kutoka hapo ulipokaa. Hilo pana lililo karibu na njia ni shamba la Mwanabaraka. Tumelilima kwa zamu, na zamu ya kwanza aliiomba Mwanaidi.

Kwa hiyo hatukuja kuomba chakula. Hata mitumbwi yetu hatuidai. Miti ya kuchonga ipo na mikono ipo.

Ombi letu

Ombi ni moja. Mrudishe Mwanabaraka nyumbani. Kama kuficha mtumbwi ni kosa, sisi tulionyamaza tulilitenda pamoja naye, na adhabu yake tutaigawana: kama ni kazi ya barabara, tutatoka wote, kuanzia Jumbe.

Kama ni kweli alivusha waasi, waasi wenyewe wapo hapa. Aliowapandisha mtumbwini ni watu tisini na wawili. Tumewaomba wasimame mkono wako wa kulia uwatazame mmoja mmoja. Ukiwahesabu, pamoja na huyu anayekusomea, utapata tisini na mmoja, na hatutaki udhani tumekosea hesabu. Wa tisini na mbili yupo. Ameshindwa kujipanga na wenzake kwa sababu yuko zamu: amesimama nyuma ya kiti chako, Bwana Liwali, na bunduki mpya. Tunakuomba ugeuke umwulize ilikuwaje.

Mwenyezi Mungu akupe afya na akuonyeshe haki, awarehemu waliokufa majini na waliokufa vitani, na aubariki mto wetu pamoja na ukali wake.

Ni sisi,
Wakulima na Vibarua wa Bonde la Ndundu.
Imesomwa kwa niaba yao na Zaidi bin Swalehe, mwalimu wa chuo cha Kurani, abiria wa safari ya kumi na moja.