Chokoleti ya Waridi

Benchi lenyewe liko mkabala na geti la kiwanda cha Thackwray, hapa York, Uingereza, ingawa siku hizi kiwanda ni nyumba za kupanga. Chokoleti haijapikwa mle miaka kumi na miwili. Lakini ikifika saa nne asubuhi wastaafu wake hao, na chupa yao ya chai, utadhani king'ora kitalia waingie zamu. Leo Enid kaja na lake moyoni. Mumewe Walter yuko nyumba ya wazee, anagoma kula, anachotaka ni chokoleti ya waridi ya Thackwray tu. Enid kaipika mara tatu jikoni kwake. Zote Walter kazitema.

— Haya niambieni, ndani ya chokoleti ile mlikuwa na nini?

— Mimi nilikuwa nakaanga kakao, alisema Ken, ambaye wote humwita Tanuri. Krimu ya ndani siijui. Ila siri ni maji ya mto.

— Mto huu wa bata? Brian Karatasi, aliyekuwa akifunga chokoleti kwa karatasi, akaangua kicheko. Siri ni ng'ombe! Walilishwa mawaridi, maziwa yakitoka yananukia.

— Uliwaona?

— Kwani wewe uliuona mto ukiingia sufuriani? Sikiliza. Wale ndugu watatu wenye kampuni, kila mmoja alishika theluthi ya siri. Mkubwa kafa na yake. Ndiyo maana wahenga walisema mficha uchi hazai.

— Methali hiyo inaingiaje hapo, bwana wee?

— Kampuni imeacha mtoto? Haya!

Enid hakucheka. Miaka thelathini na moja alichora ua juu ya kila chokoleti kwa mkono wake, ili mlaji ajue ndani mna nini. Yeye mwenyewe hajui, na ilimuuma.

Meera, mpangaji wa ghorofa ya pili, alikuwa akipita na mfuko wa mboga. Akasimama.

— Samahani, mama. Hiyo chokoleti ilikuwa na ladha gani?

Tanuri akamtazama Karatasi. Karatasi akamimina chai ambayo hakuna aliyeiomba.

— Mle ndani, mwanangu, wiki ya kwanza unakula mpaka unaumwa, Tanuri akasema. Baada ya hapo huigusi tena.

— Hata wewe, mama?

— Walter alinunua boksi kila Ijumaa, Enid akajibu. Anakula, anakula, ya mwisho ananibakishia mimi. Miaka yote hiyo. Nami namwambia, imalize tu, mimi nimezikinai.

Enid akaligeukia geti la kiwanda.

— Laiti ningalikula hata moja ya hizo, jamani.