Bibi Harusi Aliyechoma Nyumba Yake

Mama zangu, shikamooni. Dada zangu na wenzangu wa rika moja, hamjambo. Mwenyekiti wa mkutano wetu huu wa wanawake ameniambia niseme kwa ufupi, nami tangu alipotamka hivyo nafikiria ufupi huo ni wa kiasi gani: wa hotuba ya arusi, au wa salamu za njiani? Nimeona nianze tu, maana nikiendelea kupima mtamaliza pilau mwende zenu kabla sijafungua kinywa.

Nataka kuwaeleza jinsi nilivyopoteza sauti, na jinsi sinema ilivyonirudishia. Najua wamo humu wasiolipenda neno hilo. Nawaomba mnivumilie. Hata mimi nilijiuliza mara nyingi kama ni halali kushukuru kitu kama sinema mbele ya watu wa heshima.

Nilimaliza chuo cha ualimu nikiwa wa kwanza nyumbani kwetu kufika huko. Baba yangu, mkulima wa vijiji vya njia ya kwenda Amani, alichinja mbuzi na kuwaambia watu wote, hata wasiomwuliza. Nikapangiwa skuli ya wasichana hapa Tanga, nikakaa kwa shangazi yangu, mtaa wa Ngamiani. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mimi.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi. Siku ya kwanza niliingia darasani, nikashika chaki, nikawaza: nikikosea leo, watoto hawa watalichukua kosa langu nyumbani. Watakua nalo. Watawafundisha watoto wao, na mji mzima utakuwa umepotea kwa sababu yangu. Basi nikanyamaza. Wasichana wakadhani nimekasirika, wakakaa kimya kama wako msibani. Kesho yake hivyo hivyo, sauti ikatoka kidogo ikarudi. Mwishowe mmoja akanyoosha mkono akauliza kwa huruma, "Mwalimu, unaumwa?"

Mwalimu mkuu wetu ni mama mpole asiyependa maneno mengi. Aliniita akasema, "Nenda ukapumzike. Skuli ikifunguliwa baada ya likizo, uje tuone. Ukiweza, darasa lako lipo. Usipoweza, mwanangu, itanibidi nimpe mwingine."

Nikarudi kwa shangazi, nikajilaza, nikaanza kumwona baba akilini akizunguka kwa wale aliowatangazia, nyumba baada ya nyumba, akiwaambia nimerudi. Chakula hakikupita. Shangazi alinitazama siku chache, kisha akaja akavuta shuka.

"Amka. Mtu akikaa ndani anafikiri tu, huota ukungu. Jumapili tunakwenda sinema."

"Shangazi, nimepoteza kazi, nawe unanipeleka kwenye mchezo?"

"Kazi hujaipoteza, umeiweka mahali pasipoonekana. Oga."

Wengi wenu mnaijua ile sinema ya wanawake ya Jumapili alasiri. Milango ikifungwa, buibui zinashuka mabegani, karanga zinapita toka mstari hadi mstari, na mtoto wa mtu usiyemjua analala mapajani mwako. Picha ya Kihindi, na hakuna mmoja wetu anayekijua Kihindi, lakini kila mmoja anamweleza jirani yake wanachosema. Nililia siku ile kuliko nilivyolia kwa mambo yangu mwenyewe. Nikatoka nimechoka vizuri, nikala ugali na kisamvu, nikaomba kuongezwa.

Likizo yote nikawa mtu wa sinema. Niliona picha ya Kimisri ya fundi cherehani anayemshonea joho bwana harusi anayemwoa mwanamke ambaye fundi mwenyewe anampenda. Alishona vizuri hata mfuko wa ndani, usioonekana na mtu. Nikajifunza kwamba kazi njema haingoji moyo utulie kwanza. Niliona na picha ya Wamarekani wa farasi, ambamo jitu la bastola linawasili katika kijiji chenye kiu, watu wote wanajificha, nalo linatundika bastola kwenye mti na kuomba jembe. Shangazi alikasirika. "Nimetoka kwangu kuja kuangalia mtu anachimba kisima?" Mimi nikaipenda mno. Mwenye nguvu za kuua alichagua kutoa maji.

Lakini picha iliyoniokoa ni nyingine ya Kihindi, ya mwanamke wa relini.

Karibu na kwetu alikuwepo jirani, rafiki mkubwa wa shangazi, aliyefiwa na mumewe akawa amekaa eda. Mnajua eda: nguo nyeupe, chumbani, hakuna kutoka mpaka muda utimie. Na mama huyo kabla ya hapo hakukosa Jumapili hata moja. Basi shangazi akanituma. "Nenda ukamhadithie. Aliyekwenda humletea aliyebaki, ndivyo tulivyo siku zote."

Nikawa nakwenda kila Jumatatu baada ya alasiri. Yeye hukaa kitandani nyuma ya pazia, mimi mkekani. Mwanzo nilinong'ona. Akasema, "Mwanangu, unanihadithia au unaniibia?" Nikapaza sauti. Majirani wakaanza kuja, mmoja akichambua mchele, mwingine akisuka ukili. Akatokea mama mmoja mkali akasema, "Eda na sinema, wapi na wapi?"

Mjane akajibu kutoka nyuma ya pazia, "Mimi sijatoka, dada. Imeingia yenyewe. Kaa, utakosa mwanzo."

Akakaa. Na wiki iliyofuata alikuja wa kwanza.

Sasa sikilizeni kisa chenyewe, kama nilivyowahadithia wale majirani. Mwanamke mmoja anaishi peke yake katika kibanda kando ya reli, kazi yake kufunga na kufungua kizuizi gari la moshi linapopita. Amevaa nyeupe tupu. Ukutani ipo picha ya kijana mzuri, imevikwa koja la maua, na kila asubuhi mwanamke huisalimu. Mimi, kwa elimu yangu, nikajua moja kwa moja: ni bibi harusi anamngoja mchumba. Chuoni tulikuwa na kitabu chenye picha za bibi harusi wa Kizungu, wote weupe pe. Upo pia mzee mmoja mkali anayetaka kumtoa kibandani. Nikaeleza kwamba ni mwenye nyumba. Mvua kubwa ikanyesha, daraja likavunjika, na gari la moshi linakuja limejaa watu. Taa yake imelowa, kelele zake hazisikiki. Mwanamke akakitia moto kibanda chake mwenyewe. Dereva akaona moto, akasimamisha.

Wenzangu walipiga vigelegele. Lakini walimkasirikia bwana harusi vibaya sana. "Na yeye yuko wapi?" "Hakuteremka kwenye gari?" Nikajibu, "Labda alichelewa stesheni." "Mwanamume gani huyo! Mke anachoma nyumba, yeye anachelewa!" Walimlaani wiki nzima, hata kisimani.

Jumatatu iliyofuata, ya mwisho kabla ya skuli kufunguliwa, mjane aliomba niirudie. Nyumba ilijaa mpaka ukumbini. Nikaanza vizuri, nikafika kwenye picha ya ukutani, nikainua macho, na nani wamekaa mlangoni na mama zao? Wanafunzi wangu. Yule aliyeniuliza kama naumwa alikuwa mbele kabisa.

Nikaikatiza hadithi hapo hapo. Na kabla sijajua la kufanya, pazia likatikisika.

"Mwalimu, hebu ngoja," akasema mjane. "Wiki nzima nimelala na jambo hili. Huyo kijana wa ukutani, katika picha nzima, alitoka ukutani hata mara moja?"

Nikasema, "Hakutoka."

"Na huyo bibi harusi wako alikuwa na kipuli? Bangili? Hina?"

"Hakuwa na kitu."

"Basi, mwanangu, mimi hapa nilivyo, na nguo hizi, ni bibi harusi?"

 Shangazi yangu akajipiga kofi la paja. "Mjane! Tumemlaani marehemu wa watu wiki nzima!"

Ndugu zangu, kicheko kilichofuata sijakisikia tena. Yule mama mkali alilala mkekani. Pazia lenyewe lilikuwa linacheka. Mimi nilikaa nimejikunyata, nikingoja. Hili ndilo nililoliogopa tangu chuoni: kosa kubwa, mbele ya watu, mbele ya wanafunzi wangu, nalo lilikwisha kuenezwa mji mzima hadi kisimani. Nikangoja waondoke. Nikangoja waseme, mwalimu gani huyu.

Hakuna aliyeondoka. Mwanafunzi wangu akasogea mbele kwa magoti. "Mwalimu, basi yule mzee siye mwenye nyumba. Ni baba mkwe! Na alikuwemo ndani ya gari?"

Alikuwemo. Nilimwona kwa macho yangu akiteremka, akalitazama jivu, akavua shali yake akamfunika yule mwanamke mabega. Nilikuwa nimeliruka jambo hilo kwa sababu sikujua la kulifanyia. Nikalisema sasa. Vicheko vikakatika. Nyuma ya pazia mtu akapenga kamasi, akasema kwa sauti nzito, "Anza tena, mwalimu. Toka mwanzo. Sasa tunajua ni nani."

Nikaanza tena. Nilihadithia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, wasichana wakiniuliza, mama zao wakiwajibu kabla yangu, mimi nikibisha. Nilikosea tena mara kadhaa. Nilisahihishwa, tukasonga mbele.

Skuli ilipofunguliwa nikaingia darasani na kuandika ubaoni, na katika neno la tatu nikaruka herufi. Darasa zima likaniambia kwa pamoja. Nikafuta nikasema, "Ahsanteni, na hilo ndilo somo la kwanza." Mwalimu mkuu alikuwa amesimama dirishani. Alisema neno moja tu: "Endelea." Bado naendelea, na baba yangu ametangaza upya.

Namshukuru shangazi aliyevuta shuka. Nawashukuru wanafunzi wangu waliokaa mlangoni wasinikimbie. Nawashukuru majirani kwa kucheka pamoja nami. Na mjane wetu, ambaye eda yake imekwisha na leo yumo humu amevaa kanga nyekundu, simtaji, Mungu amlipe kheri. Nililojifunza ni hili: kosa likibaki kinywani humnyamazisha mwenyewe, likitoka mbele ya wanaokutakia mema, wao hukushika mkono mkalitengeneza pamoja.

Mmoja wenu aliniambia pale mlangoni kwamba ana jambo la kutueleza lakini hawezi kusimama mbele ya watu. Naye simtaji. Mimi nakaa sasa. Mahali pako wazi, dada, na sisi sote tunataka kujua ilikuwaje.