Mama Taratibu, Mhandisi wa Breki za Ndege

Ndugu, jamaa na marafiki, mpendwa wetu tuliyekuja kumsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Taratibu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya duka la baiskeli, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba fundi baiskeli na mama mshonaji, na kaka zake wanasimulia kwamba kabla hajajua kusoma alikwishajua kufungua gurudumu, kuziba pancha na kulirudisha mahali pake, ingawa kila mara nati moja ilibaki mkononi na mwenyewe hajui imetoka wapi. Siku moja aliteremka na baiskeli ya mteja ili kujaribu breki alizofunga mwenyewe, breki zikagoma, akaenda kuishia kwenye kamba ya nguo ya jirani, na baba yake, badala ya kumchapa, alimrudisha dukani akamwambia azifungue na kuzifunga upya mbele ya macho yake. Jirani, aliyekuwa ameshika shuka lake lililoraruka, hakuridhika sana na hukumu hiyo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akaendelea na sekondari ya bweni kuanzia 1965 hadi 1968, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, akiwa msichana pekee katika darasa la mitambo, akahitimu stashahada tarehe 30 Novemba 1972. Shahada ya uhandisi aliisomea baadaye, jioni baada ya kazi, mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni, akaipata mwaka 1983, na siku ya mahafali mtoto wa mgongoni, ambaye leo ni mama mzima na ameketi hapa mbele, alilia mpaka mgeni rasmi akakatisha hotuba, jambo ambalo wahitimu wote walimshukuru kwalo.

Tarehe 5 Februari 1973 aliajiriwa na shirika la ndege, karakana ya magurudumu na breki, chumba kirefu chenye sakafu ya saruji, harufu ya grisi, na kizimba cha chuma ambamo matairi hujazwa upepo ili moja likipasuka lisimdhuru mtu. Breki za ndege za wakati ule zilikuwa sahani za chuma zilizopangwa pamoja kama sahani za kabatini, nyingine zinazunguka na gurudumu, nyingine zimetulia, zikibanwa ndege inasimama, na adui yao mkubwa alikuwa joto. Kwa hiyo kila mwaka aliingia darasani kuwafundisha marubani waguse breki kidogo, waachie, waguse tena, taratibu, taratibu, na wao, kwa utani wao, wakampa jina ambalo hata mwajiri wake alikuja kulizoea kuliko jina la kwenye kitambulisho.

Somo hilo lilimletea na mume. Rubani mmoja kijana alifika karakana kulalamika kwamba breki za ndege yake hazifai, akaambiwa mbele ya mafundi wote kwamba breki hazina tatizo, akautazame mguu wake, naye akarudi wiki iliyofuata kuomba radhi, na wiki nyingine akarudi bila sababu yoyote ya kueleweka. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1978, Mungu akawajalia mabinti wawili na mtoto wa kiume, na kwa miaka arobaini na mitano nyumba yao ilikuwa na kelele, vicheko na ubishi wa mezani usiokwisha, kwa sababu rubani na mhandisi wakikaa meza moja, chumvi hukumbukwa mwisho.

Sasa tuseme lile ambalo mwenyewe alipenda lisemwe. Mwaka 1993 ni yeye aliyelishawishi shirika liache breki za chuma na kufunga za kaboni, ambazo ni nyepesi mno, zinastahimili joto, na kwa uzito uliookolewa ndege ingeweza kubeba abiria zaidi, akaahidi kwa mdomo wake kwamba zitadumu mara mbili ya zile za zamani. Hazikudumu hata nusu. Sahani zilirudi karakana zimelika kama sabuni ya bweni, wakubwa wakatoa uamuzi kwamba mwisho wa mwaka karakana ifungwe na breki zote zipelekwe nje kutengenezwa, na mafundi kumi na wawili, wengi wao aliowafundisha kushika spana, wakaanza kuulizana wataenda wapi. Alikonda. Alimlaumu mtengenezaji, akailaumu mvua, akalilaumu vumbi la uwanja, na kila alipopima hakuna kilichokubali lawama.

Mwezi Oktoba 1994 aliomba kupanda ndege iliyorushwa na mumewe, akae nyuma yake chumba cha marubani atazame kipimo cha joto la breki, lakini ndege ilipokuwa ikitembea polepole kutoka jengo la abiria kuelekea njia ya kurukia, macho yake yakaangukia kiatu cha mume, na kile kiatu kilikuwa kinagusa, kinaachia, kinagusa tena, kwa utii wa mwanafunzi bora. Hapo akaelewa. Kaboni haijali sana umebana kwa nguvu kiasi gani, inajali umebana mara ngapi, na inalika zaidi ikiwa bado baridi, maana yake yale aliyowafundisha marubani kwa miaka ishirini, ambayo kwa chuma yalikuwa dawa, kwa kaboni yalikuwa sumu, na haba na haba, badala ya kujaza kibaba, ilikuwa inakimaliza.

Mficha uchi hazai. Mumewe alijitolea kuwaeleza wenzake faraghani, ili mke asiaibike, lakini mke akamkatalia, akaenda mwenyewe kwenye ukumbi uliojaa marubani, akawaambia kwamba wao hawajakosa, wamemtii yeye, na aliyekosa ni yeye aliyebadili breki akasahau kubadili somo, kwa hiyo kuanzia siku ile waache ndege ishike kasi yake kidogo, kisha wabane mara moja, kwa uthabiti, waachie. Nahodha mmoja mzee aliuliza kama na jina nalo libadilishwe, ukumbi ukaangua kicheko, naye akacheka kuliko wote, na alipofika nyumbani akalia, kisha akala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule uanze. Breki zilidumu kama alivyoahidi, karakana haikufungwa, na mafundi wote kumi na wawili walistaafu wakitokea mle mle ndani. Yeye alistaafu tarehe 31 Machi 2011.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akatibiwa, akapata nafuu, akaendelea kuwagombeza wajukuu wanaoburuza miguu kusimamisha baiskeli. Tarehe 2 Juni 2024 hali ilibadilika, akalazwa, na asubuhi ya tarehe 9 Juni, mumewe akiwa amemshika mkono, alituaga kwa utulivu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliotuletea viti, chakula na mabega ya kulilia, na mafundi wa sasa wa karakana yake, ambao jana tuliwaomba wafunge kazi kwa heshima yake wakatujibu kwamba angewagombeza kwa hilo, kwa hiyo nusu yao wako hapa nasi na nusu wako kazini. Muda huu tunaozungumza ipo ndege inayotua, abiria wanatafuta viatu, wanawasha simu, wanagombania mabegi, na hakuna hata mmoja anayewaza breki. Hiyo ndiyo sifa aliyoitaka, na anayo.

Upumzike kwa amani, mama yetu.