Nasike wa Kayole na Matumbawe ya Shimoni

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Nasike wa Kayole, fundi wa kushona sare katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Nasike, aliyeishi mbali na bahari na bado akaifanya jirani yake.

Alikulia kando ya Mto Nzoia. Mto huo ulimchukua kaka yake, na tangu hapo maji aliyaogopa. Kisha akaenda na akina mama wa kanisa lake kutembelea Shimoni, pwani ya kusini. Huko waliwakuta watu wa kujitolea wanaokagua afya ya matumbawe, yale mawe hai ambamo samaki hujificha na kuzaana. Hao walimvisha Nasike miwani ya kuogelea, akainamisha uso kwenye maji ya magotini. Alipoinuka, aliomba kutazama tena.

Mumewe, mzee Opicho, anakumbuka alivyokataa aliposikia mkewe anataka kujifunza kuogelea. Mto ulishachukua mmoja, sasa bahari ya nini? Lakini kila Jumamosi Nasike alikuwa bwawani Buruburu, mama wa miaka arobaini na ushee, akipiga miguu katikati ya watoto waliomcheka. Naye akicheka nao.

Basi kila likizo ikawa ni Shimoni. Pamoja na wale wa kujitolea, alilaza fremu ya mabomba juu ya mwamba, akahesabu ndani yake matumbawe yapi hai, yapi yamekufa, yapi yanapauka. Akirudi Kayole, majirani wa ploti walitoa vigoda nje, wakamsikiliza akisimulia samaki hadi chai ikapoa.

Mwaka wa 2024 bahari ilipata joto kali. Matumbawe yakawa meupe kama mifupa. Wenzake walivunjika moyo, wakasema hakuna tena cha kukagua. Nasike alilia ndani ya miwani yake, kisha akawaambia: "Kwetu mgonjwa akizidiwa ndipo watu hujaa nyumbani. Nyinyi mnaondoka?"

Hawakuondoka.

Mwaka huu saratani ilimlaza. Binti yake, Lorine, alikwenda Shimoni badala yake, akampigia simu hospitalini.

"Mama, mengine yamerudisha rangi."

"Rangi gani?"

"Kahawia tu."

Mzee Opicho anasema mkewe hakuwa amecheka kwa wiki nyingi. Siku hiyo alicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Akamgeukia mumewe: "Baba Lorine, kahawia ndiyo yenyewe. Hiyo ndiyo rangi ya uzima."

Siku chache baadaye, Nasike wetu alilala. Amezikwa kwao, kando ya Nzoia.

Mzee Opicho, Lorine, majirani wa Kayole na wenzake wa Shimoni, poleni sana. Mungu awafute machozi.

Nawe msikilizaji, huenda kuna mtu uliyeacha kumtembelea, au mahali ulipoacha kwenda, kwa sababu kutazama kunauma. Usingoje apone kwanza. Usingoje papendeze. Nenda ukaangalie.