Narangarav na Ukimya Ulioandikwa Sifuri

Wamejaa hapa ndugu wenye miwani na vyeti, na bado imeonekana mimi bibi yake marehemu, niliyeishia darasa la nne, ndiye niisome historia hii ya maisha yake, eti kwa kuwa Profesa Gonchig hawezi kumkasirikia kikongwe, basi nitaisoma, na atakayeona ulimi wangu mkali azibe masikio.

Marehemu Narangarav alizaliwa tarehe 9 Machi 1981 katika bonde la Shar Tolgoi, mkoa wa Arkhangai, mtoto wa pili wa mwanangu Damdinjav na mkewe Yanjmaa. Alianza shule ya bweni wilayani mwaka 1989, akamaliza sekondari mwaka 1999, akaenda chuo kikuu Ulaanbaatar kusomea wanyama na baadaye takwimu, na nilipomuuliza hiyo takwimu ni mdudu gani akanijibu, "Bibi, ni kuwauliza wengi swali moja, halafu usiwatie maneno mdomoni."

Mwaka 2007 aliajiriwa na taasisi moja ya mjini, chini ya mkurugenzi wake Profesa Gonchig, kufuatilia makundi ya mbwamwitu wa mkoa wetu, na tarehe 12 Julai 2008 akaolewa na Chuluunbat, fundi pikipiki, aliyechelewa arusini kwake mwenyewe kwa sababu ya pikipiki ya mgeni, wakajaliwa Anujin mwaka 2010 na Temuulel mwaka 2014.

Mwaka 2018 taasisi ilituma watu kuuliza kila hema limepoteza mifugo mingapi, na sote tunajua desturi ya bonde hili, kwamba nyumba iliyomuua mama wa kundi, yaani jike linaloongoza mbwamwitu wenzake, haitamki hasara ya mbwamwitu mpaka mwaka uishe, hata zizi libaki mifupa, kwa hofu kwamba anayelalamika huongezewa. Waulizaji wakanyweshwa chai ya chumvi, wakapewa habari za mvua, wakaaga, na Profesa Gonchig, mzaliwa wa bonde hilihili, akaagiza kila ukimya uandikwe sifuri. Modeli yake, ile hesabu ya kompyuta, ikatoa ilicholishwa, ikaonyesha kwamba mama wa kundi akiuawa hasara hukoma, naye akatangaza redioni kwamba dawa imepatikana.

Marehemu alimfuata ofisini, na Chuluunbat aliyekuwa akimsubiri mlangoni aliyasikia yote.

"Mwalimu, hao hawakusema hakuna. Hawakusema kitu."

"Binti yangu, modeli imeshasema."

"Modeli haijui desturi za kwetu, mwalimu. Wewe unazijua."

"Unataka nikamwambie waziri kwamba wachungaji wangu wanaogopa midomo yao? Watanicheka!"

"Wacheke. Kondoo hawatacheka."

Majira ya kuchipua ya 2019 bunduki zikalia, mama wa makundi wakaanguka, makundi yakasambaratika, na mbwamwitu vijana waliobaki bila wa kuwafundisha kuwinda mlimani wakashuka mazizini. Hapo ndipo Profesa aliposimama hadharani na kusema hesabu zilikuwa za Narangarav, akamfukuza kazi Novemba ya mwaka huohuo, na ninyi msiangalie chini, mpo hapa mliomgeuzia mgongo, yupo aliyempigia kelele dukani, "Msomi, njoo uhesabu mifupa yangu!" naye akamjibu, "Nakuja kaka, injika chai," akaenda kweli. Alisubiri mwaka wa ukimya uishe, akapakiwa na mumewe kwenye pikipiki hema hadi hema, akauliza upya, na ikaonekana hasara kubwa kuliko zote ilikuwa palepale palipoandikwa sifuri, lakini taasisi ilipopelekewa majibu hayo iliyakalia.

Aliugua ini kuanzia mwaka 2022, akalazwa mara tatu, akafariki hemani kwake tarehe 3 Oktoba 2024 asubuhi. Sisemi fedheha ndiyo iliyomuua, madaktari wamesema ni ini, na yeye mwenyewe angenikemea kwa kuunganisha mambo mawili kwa kuwa tu yamefuatana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta maziwa na samadi ya kuwashia moto, na wale wenzake wawili wa kazini waliokataa kunyamaza, ambao ndio waliofanya taasisi iifute ripoti ile ya sifuri mwezi Agosti mwaka huu, marehemu akiwa bado hai wa kusikia, na kumvua Profesa ukurugenzi.

Cheo si malipo, kina mrithi tayari. Mgane Chuluunbat alipoulizwa familia inataka nini, alitaka kitu kimoja, na jana Profesa Gonchig alikilipa, alisimama mlangoni pa hema hili mbele yenu, akashusha mikono ya joho lake kwa heshima, akasema kwa kinywa chake, "Kaka yangu Baldan alimuua mama wa kundi, akapoteza kondoo sitini. Niliyaona mafupa. Nikaandika sifuri, nikamsingizia marehemu." Hakuna aliyemjibu, na ukimya wetu huo asithubutu kuuandika sifuri.

Basi lala, mjukuu wangu, utulie, jina lako limesafishwa na kinywa kilekile kilicholichafua.