Nywila ya Vipande Vitatu

Pembeni mwa duka la simu la Faruk, mjini Sumbawanga, kuna benchi lililoegemea ukuta unaopata jua mapema, na mwezi wa sita, upepo wa Ufipa unapovuma, hakuna ukuta wenye heshima kuuzidi huo. Hapo hukaa Lazaro Kisanko, aitwaye Hakimu ingawa mahakamani alikuwa tarishi. Elisha Mwasenga, aitwaye Profesa, karani mstaafu aliyetoka Mbeya. Na Uledi Ramadhani, aitwaye Spana, aliyeendesha malori hadi macho yalipomkatalia. Asubuhi hiyo, katikati yao ilikaa kompyuta ya marehemu Cornelius Mbonile wa Pito. Marehemu alirekodi humo wosia wake, picha na sauti, mbele ya hao watatu. Ili watoto wa mke mkubwa wasije wakauchezea wakamdhulumu Klementina, mke mdogo, kila mzee aliingiza kipande chake cha nywila, wenzake wakiwa wamegeuza nyuso. Bila vipande vyote vitatu kompyuta inawaka lakini haifunguki. Wawili walikuwa wanavikumbuka vyao. Uledi hakukumbuka chake.

— Spana, wewe ndiye umetufikisha hapa, alisema Lazaro. Kesho ni arobaini. Wosia usiposikika, wale vijana wanamtoa Klementina kwenye nyumba, anarudi kwao Ilemba na sufuria zake.

— Najua, Hakimu.

— Ulisema ni namba ya lori.

— Ni ya lori. Lori gani, ndilo sikumbuki.

— Jaribu lile la bluu.

— Nimelijaribu. Hata lililopinduka nimelijaribu.

Abuu, muuza kahawa, aliwamiminia.

— Wazee, Faruk kasema anaifungua tumbo, anachomoa kibetri fulani, nywila inafutika. Simpo tu.

— Thubutu! alisema Elisha. Fundi akiigusa tu, vijana watasema na wosia kaubadilisha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu la nani, Profesa?

— La kompyuta.

Uledi aliona afadhali aseme chochote kuliko kukaa kama mshtakiwa.

— Basi tuiwashe kwa waya, kama lori lililopotelewa na ufunguo. Unagusisha mwekundu na mweusi, inaitika.

— Inaitika au inaungua?

— Kwa kawaida vyote viwili.

— Usituzingue, bwana, alisema Elisha. Nywila haikai humu ndani. Inakaa juu, kwenye setilaiti. Leo kuna mawingu upande wa ziwa. Hata ukiikumbuka haitashuka. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapo?

— Kimeingia taratibu.

Lazaro alikunywa, akaweka kikombe chini polepole, kama mtu anayetaka kusoma hukumu.

— Mimi nasema inamsubiri mwenyewe. Kitu cha marehemu hakimfungukii mgeni. Twende Pito, tuiweke juu ya kaburi, kila mtu ataje kipande chake kwa sauti.

— Na mimi nisiyenacho?

— Wewe utalia.

Abuu alicheka hadi birika likatikisika. Uledi hakucheka.

— Basi tajeni vyenu hapa hapa, pengine changu kitakuja kwa kufuatana.

— Anza Profesa, alisema Lazaro.

— Anza wewe, Hakimu.

Walikuwa bado wanapimana kwa macho bodaboda iliposimama, akashuka Klementina mwenyewe, kitambaa cheusi kichwani, vumbi la njia ya Pito likiwa limemjaa miguuni. Hapo kijiweni hakuwahi kufika.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, shemeji. Pole na safari.

— Nimepoa.

— Tatizo ni la kitaalamu, shemeji, alisema Elisha haraka. Lina mambo ya setilaiti.

— Sijaja kwa ajili ya kompyuta. Siku ile mume wangu alipokuwa anaongea, mimi nilikuwa jikoni nawapikia. Ninyi mlikuwa naye chumbani?

— Tulikuwepo wote, alisema Lazaro, akinyoosha mgongo. Tangu neno la kwanza hadi la mwisho.

— Basi niambieni kwa midomo yenu. Nyumba alisema ya nani?

Uledi alishusha pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kosa halikuwa lake. Akamgeukia Lazaro, asikie jibu. Lazaro alikuwa anamwangalia Elisha. Elisha alikuwa anamwangalia yeye, Uledi. Ndipo chumba kile kikamrudia: Cornelius mgonjwa kitandani, wao watatu nyuma yake, na nyuso zote nne zikionekana kwenye kioo cha kompyuta. Uledi alikuwa hajawahi kujiona hivyo, anasogea yu hai kama mtu wa kwenye taarifa ya habari. Kofia yake ilikuwa imelalia kushoto, akawa anainyoosha. Kando yake, kiooni, Elisha alikuwa anafunga vifungo vya koti, na Lazaro ameinua kidevu, anajitazama bila kupepesa. Mgonjwa aliongea muda mrefu sana; maneno yenyewe hayakumrudia.

— Alianza kwa kutusalimia, alisema Elisha.

Klementina aliinyanyua kompyuta, akaiweka chini, akaketi mahali ilipokuwa, katikati yao.

— Halafu? akauliza.