Mwalimu Juvenali Anatory na Kiti cha Dereva

Baba Padri, ndugu wa Kirushya na wa Biharamulo, walimu wenzake, wanafunzi wake wa miaka yote, na viongozi wa ngazi zote ambao tulijaribu kuwapanga kwa itifaki tukaona jua linatuacha, familia inawashirikisha maisha ya mpendwa wetu, tangu alipoanza hadi alipotufikisha hapa mbele ya makaburi mawili.

Mwalimu Juvenali Anatory alizaliwa tarehe 14 Mei 1964, Kirushya, wilayani Ngara, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Anatory na Mama Nyirabahizi, akimfuata kaka yake Kazimili, ambaye bila yeye historia hii haisomeki. Alianza darasa la kwanza Kirushya mwaka 1972, akahamia kwa shangazi yake Biharamulo kumalizia shule ya msingi, na huko ndiko, Novemba 1978, akiwa na wenzake kando ya barabara, alipouona msafara wa jeshi ukielekea kaskazini kwenye vita, na katika kifaru kimojawapo, kichwa kimechomoza kwenye mlango wa dereva, alikuwa Kazimili mwenyewe, askari wa miaka ishirini na miwili. Kaka alimwona, akainua mkono, akapaza sauti kuishinda injini, "Juve, mwambie mama nimenenepa!" Mdogo mtu aliona kichwa, bega, na mkono hadi kwenye kiwiko, yaliyobaki yote yalikuwa ndani ya chuma, na huko ndiko kulikokuwa kuagana kwao, kwa maana mwaka uliofuata ilikuja barua fupi yenye mhuri mkubwa, mwili haukuja.

Kwa desturi ya ukoo huu, asiyerudi huzikiwa shina la mgomba, ili naye apumzike na waliobaki wapumzike. Wazee walipokwenda shambani kukata shina, Juvenali aligoma, akasema hawezi kumzika mtu ambaye hajui alikuwa amekaaje humo ndani. Wazee wakaona ni uchungu wa utoto, wakampa muda. Muda huo, ndugu waombolezaji, ulichukua miaka arobaini na mitano.

Alihitimu ualimu mwaka 1984, akapangiwa Bukiriro kufundisha sayansi, akafunga ndoa takatifu na Bi. Adelfina tarehe 9 Julai 1988, wakajaliwa watoto wawili, Joyceline mwaka 1990 na Frednand mwaka 1993. Mwaka 1995 aliazimwa kuwa mtunza ghala katika kambi ya wakimbizi ya Lukole, na barua ya kumruhusu kwenda ilimkuta amekwisha kurudi. Huko kambini, fundi wa magari kutoka Norwe, alipokuwa akifungasha kurudi kwao, alimwachia boksi lililochakaa, ndani yake kifaru cha plastiki cha kuunga kipande kwa kipande, kilichopunguzwa mara thelathini na tano, cha aina ile ile aliyoiendesha Kazimili.

Kilikuwa kimetoka katika kalibu ya kizamani ya kumiminia plastiki, vipande vimeota ndevu pembeni, nusu mbili za mtutu hazitazamani, na badala ya minyororo ya chuma palikuwa na ukanda wa mpira mweusi. Mwalimu alikiunga kwa solushini ya kuzibia matairi ya baiskeli, akakipaka rangi iliyobaki kwenye milango ya zahanati, na kabla ya kukifunga akachungulia tumboni, pale mbele kushoto anapokaa dereva, akakuta nafasi ya betri mbili na tundu la swichi. Bi. Adelfina, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo, aliinua macho akauliza, "Baba Joyce, kumbe shemeji alikuwa anatumia betri?" Mwalimu alicheka hadi akakaa chini. Baada ya miaka michache mpira ule, kwa kemikali yake, ukayayeyusha magurudumu ya plastiki, kifaru kikazama rafuni kama kimekwama matopeni.

Cha pili, alichotumiwa na Mnorwe yule yule mwaka 2004, kilizuiliwa njiani kwa kuwa karatasi yake ilisema kifaru, na afisa mmoja, tusiyemtaja kwa kuwa huenda yupo hapa, alitaka kibali cha silaha nzito na maelezo kama chombo kinaweza kufyatua. Mwalimu alijibu kwa maandishi kwamba kinaweza, iwapo adui ni sisimizi na amekubali kusubiri. Kilipoachiwa, nyumba nzima ilikizunguka, maana vichwa vya nati vilikuwa kama punje za ulezi, na mshono wa kuchomelea chuma ulionekana kwa macho na kusikika kwa kucha, lakini tumboni palikuwa patupu, ukumbi usio na hata kigoda.

Cha tatu alikileta Joyceline, aliyekuwa sasa muuguzi Mwanza, mwaka 2014. Minyororo yake iliungwa pingili kwa pingili ikalegea kama minyororo ya kweli, matundu ya injini yalifunikwa kwa wavu wa shaba mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na mlango wa dereva ulifunguka. Chini yake palikuwa na giza tu, na Mwalimu alilitazama giza lile kwa heshima, akasema, "Watengenezaji wanakuja. Wamefika mlangoni."

Walifika mwaka 2023. Boksi la nne lilipofunguliwa, Mwalimu alivua kofia, kwa sababu vilikuwamo vyote, injini na mabomba yake, makombora kwenye rafu zake, kanyagio, fimbo mbili za usukani, na kiti cha dereva, chenye mikunjo ya ngozi iliyokaliwa. Lakini kadiri vifaru vilivyozidi kuwa bora, macho yake yalizidi kuingia ukungu na mikono ilianza kutetemeka, ugonjwa uliogunduliwa mwaka 2021, na kiti kile kilimdondoka kila alipokigusa. Bi. Adelfina akamsogeza kando, akasema, "Lete hapa, vidole hivi vimetoa mawe kwenye maharage miaka yote," akakiunga kifaru yeye, Mwalimu akisoma maelekezo kwa lenzi na kukosolewa, hadi Desemba 2024, walipochekecha vumbi jekundu la barabara ya Biharamulo wakakipaka.

Mwalimu aliinama juu ya mlango wa dereva kwa lenzi na tochi, muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe miguu aliinyoosha. Alikuwa amekaa vizuri." Akamgeukia mkewe: "Pasaka ikifika, kateni lile shina la mgomba."

Hakuifikia. Alipatwa na kiharusi tarehe 6 Machi 2025, akafariki alfajiri ya tarehe 9. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, majirani waliotuletea kuni na ndizi, walimu wenzake wa Bukiriro, ndugu wa Biharamulo, na ofisi zote zilizotoa vibali kwa siku moja, jambo ambalo Mwalimu asingeliamini.

Shina limekatwa asubuhi hii. Kaburi dogo ni la Kazimili Anatory, na kifaru cha nne kinashuka pamoja naye, mlango wa dereva ukiwa wazi. Lala kwa amani, Mwalimu, pembeni yake. Safari hii utamwona mzima.